Sweta saa saba mchana: tezi ya shingo na umri wa mwanamke

Novemba ya Mikindani haina huruma. Mvua bado haijafika, upepo wa bahari umelala, kuku wanajibanza chini ya mitumbwi iliyopandishwa ufukweni. Siku moja ya joto hilo nilimkuta shangazi yangu kibarazani, saa saba mchana, amevaa sweta. Sweta la sufu lenye vifungo, alilolinunua mtumbani kwa ajili ya safari ya Njombe.

"Shikamoo shangazi. Una homa?"

"Marahaba. Homa sina, mwanangu. Baridi tu."

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa nzito na ya kukwaruza, kiasi kwamba wiki hiyo mtu alimpigia simu akamwamkia akidhani anaongea na marehemu baba yangu mdogo. Asubuhi aliamka uso umemvimba. Choo kilikuwa kigumu kwa miezi. Alikuwa amepimwa malaria mara tatu, hana, na mahali fulani mhudumu alimwambia: "Mama una miaka sitini na moja, huo ni uzee, zoea." Akazoea, hadi alipokutana na daktari aliyemtazama uso, akamgonga nyuma ya kifundo cha mguu kwa kinyundo, akaona mguu unarudi polepole kama unafikiria kwanza, ndipo akaandika kipimo kinachoitwa TSH. Majibu yakaja: 38.

Kibarazani ndipo ubishi ulipoanza. Aliposema ameambiwa ana tezi, jirani mmoja akashangaa: "Tezi? Si ugonjwa wa wanaume huo?" Bibi wa nyumba ya tatu, mwenye miaka 79, akaingia ndani akatoka na karatasi yake. Mjukuu wake alikuwa amempeleka Dar es Salaam kufanyiwa vile vipimo vya mwili mzima, na kwenye mstari wa TSH palikuwa na 6.2 na mshale mdogo unaoelekea juu. Basi ikaamuliwa palepale kwamba wote wawili wana ugonjwa mmoja. Shangazi, kwa moyo wake mzuri, akamhesabia mwenzake vidonge vitano.

Karatasi hizo mbili zinatosha kueleza jambo zima.

Tezi ipi?

Vurugu inaanzia kwenye neno. Tezi ni kiungo chochote kinachotengeneza kitu na kukitoa kwa matumizi ya mwili. Kuna tezi za mate, za jasho, za maziwa. Tezi dume wanayo wanaume peke yao, iko chini ya kibofu cha mkojo, na kwa kuwa imetangazwa sana redioni, siku hizi ukisema "tezi" watu wanamalizia wenyewe "dume". Tunayoizungumzia hapa iko shingoni, mbele, chini kidogo ya kikoromeo. Vitabu huiita tezi dundumio, wengine husema thairoidi, mtaani ni tezi ya shingo. Haina uhusiano na mafindofindo, ambayo yako ndani kooni. Ina umbo la kipepeo aliyekunjua mbawa, na uzito wake ni kama gramu 20, sawa na korosho ghafi tatu au nne ukiziweka kiganjani. Kila mtu anayo, mwanamume na mwanamke.

Kazi yake ni kutengeneza homoni, yaani ujumbe unaosafiri ndani ya damu kwenda kuviambia viungo vingine nini cha kufanya. Ujumbe wa tezi hii ni mmoja tu: kasi. Fikiria jiko la mkaa na kile kidirisha chake cha chini cha kupitishia hewa. Ukikifungua, mkaa unashika. Ukikibana, moto hauzimiki, ila unafifia, na chungu cha mbaazi kilichotakiwa kuiva saa sita kinaivia alasiri. Homoni ya tezi ndiyo hewa hiyo, na kila seli ya mwili ni jiko. Ikipungua, moyo unapiga taratibu, utumbo unasukuma chakula taratibu, ngozi inakauka, nywele zinakatika, mawazo yanakokota miguu. Na joto la mwili linapungua, ndiyo maana ya sweta.

Hali hiyo ndiyo tunayoiita tezi kulegea. Kuna kinyume chake, tezi kuzidisha kazi, ambapo mtu hukonda, hutetemeka na moyo kumwenda mbio. Huo ni ugonjwa mwingine na dawa zake ni nyingine.

Namba kubwa, homoni ndogo

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu anaona mshale wa juu kwenye karatasi, anahitimisha kwamba homoni ya tezi imezidi. Ni kinyume kabisa, na sababu ni kwamba TSH haitoki kwenye tezi ya shingo. Inatoka kwenye tezi nyingine, pituitari, iliyoko chini ya ubongo, ndogo kama punje ya mbaazi.

Aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya chumvi atanielewa haraka. Pituitari ni mnyapara. Vibarua wakichapa kazi, mnyapara yuko kivulini, anaongea kwa sauti ya kawaida. Vibarua wakianza kuzembea, anapaza sauti. Wakizembea zaidi, anapiga kelele. TSH ni sauti ya mnyapara. Katika maabara nyingi sauti ya kawaida ni kati ya 0.4 na 4 hivi. Ya shangazi, 38, ilikuwa kelele ya kusikika ng'ambo ya ghuba.

Lakini kelele peke yake haikwambii magunia mangapi yamejazwa. Kwa hilo kuna kipimo cha pili, cha homoni yenyewe inayotengenezwa na tezi, kinachoandikwa T4. Kwa shangazi kilikuwa chini sana: mnyapara anapiga kelele na magunia hayajai. Huo ni upungufu wa wazi. Kwa bibi wa nyumba ya tatu T4 ilikuwa sawasawa: mnyapara amepandisha sauti kidogo, ila magunia yanajaa kama kawaida. Madaktari wana jina la hali hiyo, nami kwa Kiswahili nitaiita upungufu wa chini kwa chini. Ukiwa na karatasi mkononi, jambo la kwanza ni kujua uko upande upi. Mshale hautakuambia.

Ni wangapi hasa?

Hili ndilo swali watu wanalouliza wakisikia kwamba tezi kulegea "ni ugonjwa wa akina mama wazee". Kuna ukweli ndani yake, na umepimwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti walipima watu wazima 2,779 katika eneo la Whickham, kaskazini mashariki mwa Uingereza. TSH ilikuwa imepanda kwa wanawake 7.5 katika kila 100, na kwa wanaume 2.8 tu. Walipowahesabu peke yao wanawake waliovuka miaka 75, ikafika 17.4 katika 100. Mwaka 1995, katika jimbo la Colorado, Marekani, walipimwa zaidi ya watu 25,000. Kwa wasichana wa miaka 18 hadi 24 waliokutwa na TSH ya juu walikuwa 4 katika 100. Kwa akina mama waliopita miaka 74, 21.

Ukikaa kwenye kikao cha kikoba chenye wanachama 30, wote wa rika la bibi yule, kwa hesabu ya Colorado sita wangekuwa na mshale wa juu. Si jambo dogo. Na ndiyo namba inayozunguka kwenye simu: "mwanamke mmoja kati ya watano".

Sasa tazama namba nyingine ambayo haizunguki. Uchunguzi mkubwa wa kitaifa wa afya uliofanyika Marekani kati ya 1988 na 1994 ulikuta upungufu wa tezi kwa watu 46 katika kila 1,000, wa rika na jinsia zote. Ukiwagawa, wenye upungufu wa wazi walikuwa 3. Waliobaki 43 walikuwa na ule wa chini kwa chini. Mjumlishaji anapowaweka wote kwenye gunia moja na kuliita "wagonjwa wa tezi", anawatisha watu bure. Wengi ndani ya gunia hilo ni akina bibi wa 6.2, wachache ni akina shangazi wa 38.

Kuna na jambo la kushangaza zaidi. TSH hupanda kidogo kadiri watu wanavyozeeka, hata kwa wazee wasio na tatizo lolote la tezi. Kwa watu wazima waliovuka miaka 80, takwimu za uchunguzi huo huo wa Marekani zinaonyesha kwamba hata 7 na nusu bado iko ndani ya mipaka ya rika lao. Karatasi nyingi za maabara, hata hivyo, zinachapa mpaka mmoja kwa wote, kijana wa miaka 25 na bibi yake. Ni sawa na kumwekea bibi saa ya mkononi na kumtaka atembee toka Mikindani hadi Mtwara mjini kwa muda wa mjukuu, kisha akichelewa umwambie ni mgonjwa.

Je, kuwapa vidonge hawa wa chini kwa chini kunawasaidia? Liliulizwa swali hilo kwa wazee 737 wenye miaka 65 na kuendelea, huko Uingereza, Ireland, Uholanzi na Uswisi. Nusu walipewa homoni halisi, nusu vidonge bandia, bila wenyewe kujua. Matokeo yalitoka 2017. Baada ya mwaka mmoja namba za TSH za waliopewa homoni zilikuwa nzuri, lakini uchovu wao na dalili zao havikuwa tofauti na vya wenzao waliomeza vidonge bandia. Karatasi ilipona, mtu akabaki vile vile.

Hii haina maana kwamba hali ya chini kwa chini ni ya kupuuzwa. Wapo wanaoteremka polepole hadi upungufu wa wazi. Watafiti wa Whickham walirudi miaka 20 baadaye kuwatafuta watu wao, wakakuta kwamba mwanamke mwenye TSH ya juu pamoja na dalili za kinga inayoishambulia tezi, nitaieleza sasa hivi, alikuwa na uwezekano wa takriban 4 katika 100 kila mwaka wa kufikia huko. Ndiyo maana daktari makini hukwambia urudi kupima baada ya miezi miwili mitatu, na namba nyingi hukutwa zimeshuka zenyewe. TSH ikipita 10, wengi wataanza kufikiria dawa. Mwenye mimba, au anayetafuta mimba, ana mipaka yake mwenyewe na hapaswi kusubiri.

Kwa nini wanawake, na kwa nini ukubwani

Mwaka 1873 daktari William Gull wa London aliwaeleza wenzake kuhusu watu watano waliovimba uso, waliozorota mwendo na mawazo. Wote wanawake. Mwaka 1912 Mjapani Hakaru Hashimoto aliandika juu ya tezi nne zilizojaa chembe za kinga ya mwili. Zote za wanawake. Hesabu za baadaye zimethibitisha walichokiona: tezi kulegea huwapata wanawake mara tano hadi kumi zaidi ya wanaume.

Ugonjwa wa Hashimoto ndio chanzo kikuu pale ambapo watu wanapata madini joto ya kutosha. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na wadudu wa maradhi, inaikosea tezi ikadhani ni adui. Magonjwa ya aina hii, ya kinga kumgeukia mwenyewe, huwaandama wanawake kwa ujumla, na wanasayansi wanatazama vinasaba vya kike, homoni za uzazi na mabadiliko ya kinga wakati wa ujauzito kama sehemu ya maelezo. Baadhi ya akina mama tezi zao huyumba miezi michache baada ya kujifungua, kisha zinakaa sawa, lakini hao ndio wenye hatari zaidi miaka ya mbele.

Na umri? Mwenye nyumba ya miti na udongo anajua mchwa. Hawaangushi nyumba siku ya kwanza. Wanaingia kwenye nguzo wakiwa wachache, nyumba imesimama, rangi ya chokaa inang'aa, wageni wanasifia. Miaka kumi na tano baadaye unaegemea nguzo, mkono unazama. Tezi ina akiba kubwa ya uwezo, kwa hiyo mashambulizi yanaweza kuanza mwanamke ana miaka 35 na asijue kitu mpaka 60. Kukoma hedhi hakusababishi ugonjwa huu. Vimekutana tu njiani.

Kukutana huko ndiko kunakofanya ujifiche. Mwanamke wa miaka 52 anayelalamika usingizi mbovu, uchovu, uzito na kusahau, kila mtu atamwambia ni kukoma hedhi. Kuna tofauti moja inayosaidia kidogo: kukoma hedhi huleta joto la ghafla, mtu anajipepea kwa upindo wa kanga, ilhali tezi iliyolegea huleta baridi. Sio kanuni ya kukata shauri, lakini mtu anayeomba shuka Mtwara mwezi wa kumi na moja anastahili kuulizwa maswali zaidi.

Nyingine za kuangalia: hedhi iliyokuwa ya kawaida ikawa nzito, nyusi kupungua upande wa nje, mikono kufa ganzi usiku, kolesteroli kupanda bila sababu. Dalili moja peke yake haisemi kitu. Uchovu hasa ni shahidi asiyeaminika. Huku kwetu uchovu wa mwanamke una wamiliki wengi: upungufu wa damu, sukari, presha, malaria, huzuni isiyosemwa, na kazi yenyewe, maana aliyeokota korosho tangu alfajiri akarudi kuchota maji na kupika ana haki ya kuchoka bila tezi kuhusika.

Vyanzo vingine nitavitaja haraka: upasuaji uliokata sehemu kubwa ya tezi, tiba ya mionzi, na baadhi ya dawa, kama amiodaroni ya moyo na lithiamu ya magonjwa ya akili. Unapoambiwa tezi imelegea, mwambie daktari dawa zote unazotumia.

Chumvi, muhogo na mwani

Sisi wa kusini tuna mambo yetu matatu ambayo lazima yatajwe, kwa sababu kila mazungumzo ya tezi kibarazani huishia hapo.

La kwanza ni chumvi. Tezi hutengeneza homoni kwa kutumia madini joto, na mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250 hivi. Ni kiasi kidogo mno, lakini kikikosekana tezi huvimba ikijaribu kukamata kila chembe inayopita. Uvimbe huo ndio rovu, au goita. Watu wengi wa pwani huamini kwamba chumvi ya bahari, kwa kuwa imetoka baharini, ina madini joto yake tayari. Haina ya kutosha. Maji yanapokaushwa kwa jua kwenye mashamba ya chumvi ya Kilwa, Lindi na Mtwara, kinachobaki ni chumvi yenye chembe kidogo mno za madini joto. Lazima yaongezwe, na ndiyo maana tangu miaka ya 1990 Tanzania ina kanuni zinazotaka chumvi ya kula iongezwe madini joto. Inayouzwa kwa kopo kandokando ya barabara, yenye unyevu, moja kwa moja kutoka shambani, mara nyingi haijapita hatua hiyo. Ni kinaya chetu: tunavuna chumvi ya nchi, na tunaweza kula ile isiyo na kitu. Samaki wa baharini wanasaidia, lakini si kila nyumba inakula samaki kila siku, hata Mikindani.

Hata hivyo, na hapa ndipo watu huchanganya, chumvi nzuri haimponyi mama wa miaka 61 ambaye mchwa wameshakula nguzo. Inamlinda mjukuu wake tumboni, ambaye ubongo wake unajengwa kwa homoni hiyo. Kwa shangazi, kula chumvi zaidi kungempandisha presha tu.

La pili ni muhogo. Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi, na mwili unapoivunja hutengeneza kitu kinachoizuia tezi kunyonya madini joto. Madhara yanaonekana hasa pale ambapo mambo mawili yanakutana: muhogo usioandaliwa vizuri, unaoliwa siku baada ya siku, na chumvi isiyo na madini joto. Bibi zetu walijua kazi ya kuloweka, kuvundika na kukausha makopa juani hadi yakawa meupe kama chaki. Anayefupisha siku hizo kwa sababu ya njaa au soko ndiye anayejitafutia matatizo, ya tezi na mengine makubwa zaidi ya mishipa ya fahamu. Ugali wa muhogo ulioandaliwa vizuri hauna ugomvi na tezi ya mtu anayepata madini joto.

La tatu ni mwani. Kuna wanaonunua mwani wa unga kwa ajili ya "kuamsha tezi". Mwani una madini joto, wakati mwingine mengi kupita kiasi, na kwa mtu mwenye Hashimoto wingi huo unaweza kuilegeza tezi zaidi. Hili huwashangaza watu: madini yale yale, kidogo yanajenga, mengi yanaangusha.

Na rovu? Rovu linaonyesha ukubwa wa tezi, halisemi inafanyaje kazi. Wapo wenye rovu kubwa na homoni zao ziko sawa. Shangazi yangu shingo yake ilikuwa laini kama ya msichana.

Kuhusu unene nitasema sentensi mbili tu, maana biashara yake ni kubwa. Tezi iliyolegea huongeza kilo chache, nyingi zikiwa maji na chumvi iliyobaki mwilini, na kidonge kinazirudisha hizo tu. Kilo thelathini zina sababu nyingine, na anayekuuzia dawa ya kusafisha tezi upungue hajawahi kukupima damu.

Kidonge chenyewe

Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alichukua tezi za kondoo, akatengeneza maji yake, akamdunga mama wa miaka 46 aliyekuwa amevimba na kuzubaa. Mama yule akarudi kuwa mtu. Aliishi miaka 28 zaidi, na ikahesabiwa kwamba katika muda huo alitumia tezi za kondoo zaidi ya 870. Leo hakuna kondoo. Kidonge cha levothairoksini kina homoni ile ile ya T4, imetengenezwa kiwandani, na gharama yake si ya kutisha. Kinachotisha watu ni kuambiwa watakimeza maisha. Lakini ni kurudishiwa kile mwili ulichokuwa unajitengenezea wenyewe. Hakuna uraibu ndani yake.

Kina masharti yake. Humezwa tumbo tupu, kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai na vitafunwa. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalisi vikae mbali nacho saa nne, la sivyo vinakishika tumboni na hakifiki kwenye damu. Matokeo hayaji kesho: homoni hii inaingia mwilini pole pole na kutoka pole pole, kwa hiyo TSH hupimwa tena baada ya wiki sita hadi nane. Wengi huacha wiki ya pili wakisema haifanyi kazi. Wengine huacha wakishapata nafuu, wakisema imeshafanya.

Mwezi wa Ramadhani shangazi aliuliza swali ambalo nusu ya wagonjwa wa Mtwara na Lindi wangeuliza. Jibu alilopewa na daktari wake ni kukimeza usiku wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya futari ya mwisho. Wapo wanaochagua kuamka mapema kabla ya daku. La msingi ni tumbo tupu na saa ile ile kila siku.

Kipimo cha dozi hupangwa kwa mtu, na kwa mzee huanzwa kidogo sana, kwa sababu moyo uliozoea mwendo wa punda ukichapwa ghafla ukimbie unaweza kupoteza mapigo yake. Homoni ikizidi kwa muda mrefu, mapigo huvurugika na mifupa hudhoofika, na bibi wa miaka 79 akianguka na kuvunjika nyonga hatasaidiwa na TSH nzuri. Vile vidonge vitano alivyohesabiwa kibarazani vilikuwa vya dozi ya mtu mwingine, umri mwingine na karatasi nyingine. Niliviomba, akanipa kwa shingo upande, akiniona mchoyo.

Bibi alirudia kipimo baada ya miezi mitatu. TSH ilikuwa 5.1, hakuandikiwa dawa ya tezi. Kilichokutwa ni kwamba damu yake ilikuwa chini sana, na huo ndio ulikuwa uchovu wake wote, kwa hiyo akapewa vidonge vya kuongeza damu. Baada ya mwezi alikuwa anafagia uwanja mwenyewe na kugombeza wajukuu kwa sauti.

Shangazi, ambaye sweta lake sasa liko chini ya kitanda kwenye sanduku, alimwona jirani yake alivyochangamka. Asubuhi moja nikamkuta kibarazani, kidonge chake cha tezi kiganjani, na kando yake kidonge kingine chekundu cha madini ya chuma, amegawiwa. Alikuwa anataka kuvimeza pamoja.

"Saa nne, shangazi," nikamwambia.

Akatazama saa ya ukutani. "Saa nne si bado? Sasa hivi ni saa moja."

Ikabidi nikae chini, nianze upya.